Meno Mawili ya Chini, Upande wa Kushoto

Ghati mwanangu,

Wengine huanza barua kwa kuuliza hali. Mimi sina sababu ya kukuuliza, maana asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukinywa uji na kumchokoza paka. Sasa hivi wewe na mama yako mko Tarime mnatafuta godoro na ndoo yenye mfuniko, na kwa ninavyomjua mama yako, mtazunguka soko zima halafu mtarudi kununua kwenye duka la kwanza. Kwa hiyo nina mchana mzima, meza, na daftari la mdogo wako ambalo nimelichana katikati bila ruhusa. Kesho unapanda basi la Mwanza, halafu unaunga safari hadi Iringa kwenye chuo cha ualimu. Barua hii nitaiweka ndani ya begi, chini ya vyeti vyako, usije ukaisoma mbele yangu.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema, wala za marafiki wabaya, wala za kula kwa wakati. Mama yako ameshayasema hayo mpaka kuku wameyakariri. Mimi naandika juu ya meno yako mawili ya chini, upande wa kushoto, yale ya kupandikizwa. Nimekasirika, Ghati. Nimekasirika tangu mwezi uliopita na bado sijapoa. Nakuomba usome mpaka mwisho, kwa sababu ukiishia katikati utadhani nimekukasirikia wewe.

Unakumbuka tulivyokwenda Mwanza meno yakaguliwe. Yule daktari, binti mdogo kuliko nilivyotarajia, alikuuliza kama unayasafisha, ukasema ndiyo. Akachukua kichuma chake chembamba, akakizungusha taratibu kwenye fizi, na damu ikatoka kuyazunguka yote mawili. Hakukugombeza. Afadhali angekugombeza, ningejua pa kumjibu. Alinigeukia mimi akaeleza kwamba ile skrubu iliyo ndani ya mfupa haiozi, ila uchafu ukiganda pale jino linapoingia kwenye fizi, fizi inaugua, na ugonjwa ukishuka chini unakula mfupa ulioishika skrubu. Halafu akasema jambo ambalo limenikaa rohoni mpaka leo. Alisema jino la aina hii halina mshipa wa maumivu. Jino la Mungu likianza kuoza litakuuma mpaka uende hospitali hata kama hutaki. Hili lako halitasema kitu, na siku utakapoliona linacheza, mfupa utakuwa umeshaliwa. Akasema mfupa wako bado umeshika, tumewahi, lakini si kwa mbali. Akakusafisha, akakupa vibrashi vipya vile vyembamba vya kupitisha katikati ya meno, akakuonyesha tena mbele ya kioo namna ya kuvitumia.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafoka. Nilianza na madaktari, kwamba wanafanya kazi nusu ili urudi kwao kila mara. Tulipofika Bunda nilikuwa nimewamaliza madaktari, nikaanza na wewe. Nikakutajia ng'ombe waliouzwa kwa ajili ya meno hayo, mmoja mmoja kwa rangi yake, jambo ambalo baba hapaswi kulifanya popote, sembuse mbele ya abiria. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka akaniangalia kwa jicho la kunionya. Wewe ulitazama nje ya dirisha, ukafunga mdomo, na hukuufungua mpaka Tarime.

Kisha wakaja watoto wa baba yako mdogo kukaa kwetu, nyumba ikajaa. Asubuhi moja mapema nilikwenda kuwafungulia ndama nikasikia maji yanatemwa nyuma ya zizi. Nilikukuta umechuchumaa mgongo ukutani, kikombe chini, kioo kidogo mkononi, unapitisha kile kibrashi kwa haraka kama mtu anayeiba. Uliposikia hatua zangu ukakificha kwenye kitenge. Nikakuuliza kwa sauti ya juu unamficha nani, hapa ni kwenu. Ulinijibu bila kuinua uso, na maneno yako ninayo yote.

"Tata, wakiniona na hivi vibrashi wataniuliza meno yangu yalienda wapi. Nitawaambia nini? Wewe uliniambia nilipigwa teke na ndama. Mama aliniambia niliangukia jiwe. Sijui hata niseme uongo wa nani."

Nilikwambia umalize kusafisha meno yako, nikaenda kwa ndama. Siku hiyo ng'ombe walikamuliwa wakiwa wamechelewa, maana nilisimama katikati ya zizi sijui nimefuata nini. Baadaye mama yako akaniambia yaliyobaki: kwamba zile wiki tatu ulizokaa Mugumu kwa shangazi yako wakati wa harusi, mkilala wasichana watano chumba kimoja, vibrashi havikutoka kwenye mkoba hata siku moja. Wiki tatu, Ghati. Damu aliyoiona daktari ilikuwa ya Mugumu. Na kesho unakwenda kukaa bwenini, si wiki tatu, ni miaka. Nimemuuliza kijana wa mwalimu mkuu aliyesoma huko, akasema bomba la maji liko nje, uwanjani, na kila asubuhi watu wanapanga foleni na ndoo zao. Huko hakuna nyuma ya zizi. Ukificha huko kama ulivyoficha Mugumu, mfupa utaliwa kimyakimya, na meno hayo utayapoteza mara ya pili.

Sasa nakwambia yalivyokwenda mara ya kwanza. Hakuna ndama. Wala hakuna jiwe.

Ulikuwa na miezi saba. Ulipata homa na kuhara, siku ya pili ukakataa kunyonya. Miaka ile, na hata leo usidhani yameisha, mtoto mchanga akipata homa na kuhara watu wanamfunua fizi. Wakiona vinundu vyeupe chini ya ngozi wanasema ni meno ya plastiki, ndiyo yanayoleta homa, na yasipotolewa mtoto atakufa. Bibi yako, mama yangu mimi, alipitisha kidole kwenye fizi zako akasema haya hapa. Mama yako akasema twende zahanati. Alisema mara tatu, mara ya tatu akiwa ameshakufunga mgongoni. Nilimwambia aache kubishana na wakubwa, na kwamba mtoto ana baba. Nikapanda baiskeli nikamfuata mwenyewe yule mama wa ng'ambo ya pili aliyekuwa anaifanya hiyo kazi.

Alikuja na spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha. Aliipangusa kwenye gauni lake. Hayo ndiyo yalikuwa maandalizi yote. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikakushika kichwa katikati ya magoti yangu, kama ninavyomshika ndama nikimnywesha dawa. Hakuna aliyenilazimisha. Mikono ni hii hii ninayoandikia. Ulilia mpaka sauti ikakatika, na mimi nikakaza magoti. Yule mama alichokoa upande wa kushoto, akaweka juu ya jani la mgomba vitu viwili vyeupe, laini, kama punje za wali ulioiva sana. Akasema mnaona. Nikasema tunaona. Nilimshukuru, nikampa kuku wa kuondoka naye.

Siku ya tatu taya lilikuwa limevimba, fizi inatoa usaha, na homa iko palepale. Hospitali walipopima waliona malaria. Malaria, Ghati, ya vidonge. Nesi akauliza mtoto amefanywa nini mdomoni, na mbele ya mama yako nikasema alipigwa na ndama. Mtoto wa miezi saba, asiyeweza hata kutambaa vizuri. Yule nesi alinitazama kwa muda, akaandika. Mimi nikamkasirikia nesi. Nilisema hawa watu wa mjini wanadharau mila zetu.

Neno hilo ndilo linalonichemsha mpaka leo nikilisikia. Mila gani? Babu yangu alizaliwa na kufa hajui plastiki ni kitu gani. Alikunywa maziwa kwenye kibuyu na kuoga kwa maji ya mtungi. Hayo meno yanayoitwa ya plastiki yalifikaje hapa kabla ya ndoo za plastiki? Ni uzushi uliokuja juzi, ukavaa nguo za wazee, na sisi tukausalimia shikamoo. Mila zetu nazijua, nyingine nazipenda na nyingine nimezikataa mchana kweupe mbele ya ukoo, na wewe unajua ni zipi. Hii haikuwa mila. Ilikuwa spoki.

Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba meno nayajua. Mtu akitaka kununua ng'ombe mnadani ananiita mimi nimfunue mdomo ng'ombe, nimwambie umri wake. Najua lipi la utotoni, lipi limeota, lipi linakaribia. Ng'ombe wangu akiugua simwiti mtu wa njiani, namtafuta daktari wa mifugo, na akija na sindano chafu namrudisha. Hata dume la kuhasiwa siwezi kumpa mtu ambaye siijui kazi yake. Mtoto wangu nilimpa. Nimejiuliza mara nyingi ndama angepewa heshima gani siku ile, na jibu ni kwamba angepelekwa kwa mtaalamu.

Meno ya utotoni ya upande ule hayakuota. Ukafika umri wa meno makubwa, nayo hayakuota. Ulipoingia shule ulijifunza kucheka ukiwa umeweka mkono mdomoni, na mimi nilikuwa nawaambia wageni kwamba binti yangu ana adabu, hachekicheki ovyo. Nakuomba radhi kwa hilo peke yake, hata kama usingekuwa na lingine la kunidai. Nilikiona kidonda nikakisifia.

Ulipokua, na mfupa ukawa umekomaa, tulikwenda Mwanza kwa mara ya kwanza. Daktari alipiga picha ya taya akanionyesha pengo, wewe ukiwa chumba cha pili unasukutua. Akaniuliza taratibu kama ulipokuwa mchanga kuna kitu kilifanyika. Sijui kwa nini siku hiyo nilisema kweli. Nilimweleza mpaka zile punje za wali. Akasema, "Mzee, yale yalikuwa meno yake. Na ya ukubwani yaliyokuwa chini yake yalikufa na ule usaha."

Nilitoka nikasimama barabarani. Ulipokuja ukaniuliza daktari amesema nini, nikakujibu amesema yanawekeka. Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya kukwambia, na niliikanyaga nikapita.

Utadhani nilijifunza basi. Hapana. Meno yalipokamilika niliita ndugu, tukachinja mbuzi. Unakumbuka, na najua unakumbuka vibaya. Nilikwambia ufungue mdomo waone. Baba yako mdogo akainama, akachungulia, akasema sasa mahari itapanda, na watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilimfungua mdomo binti mtu mzima kama ninavyofanya mnadani. Halafu nikakupa soda nikasema ifungue kwa hayo hayo ya chuma. Ulikataa, nashukuru ulikuwa na akili ambayo mimi sikuwa nayo siku hiyo. Nikakupa muwa, ukaumenya kwa upande wa kulia ukijifanya ni wa kushoto. Nikawatangazia watu kwamba chuma hakiozi, kwamba wewe umeshapumzika na mambo ya meno mpaka kaburini. Karatasi ya daktari yenye maelekezo yote ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, imekunjwa vile vile alivyoikunja yeye.

Kisha nikakununulia mswaki mgumu kule Sirari, kwa kuwa niliona mgumu ndio unaosugua. Bibi yako akasema unga wa mkaa unang'arisha, nikautwanga mwenyewe. Karatasi nimekuja kuisoma baada ya ile safari ya damu, na imeandikwa wazi kwamba vyote viwili vinakwaruza na kuchubua. Mama yako, ambaye hakuna mtu aliyemuuliza, alisema tangu mwanzo kwamba kibuyu cha maziwa kinaharibikia shingoni pale mkono usipofika, wala si tumboni, na kwamba meno hayo yataharibikia pale pale yanapoingia kwenye fizi. Aliyajua hayo bila picha ya taya.

Kwa hiyo uone mwenyewe. Kila shauri nililowahi kutoa kuhusu meno yako, tangu ukiwa na miezi saba, lilikuwa baya. Ndiyo maana sitoi jingine. Karatasi nimeibandika ndani ya mfuniko wa begi: mswaki laini, vibrashi kila siku pande zote mbili za kila jino, usichokoe kwa kijiti wala pini, usifungue kitu chochote kwa meno. Damu ikirudi, au fizi ikivimba, au ukisikia jino limelegea hata kidogo, nenda kwa daktari wa meno aliye karibu siku hiyo hiyo. Usipige simu kuniuliza kwanza. Niliulizwa mara moja na unaona nilivyojibu.

Limebaki moja, nalo utalisikia mjini kabla hujaisoma barua hii, maana najua maneno ya hapa yanavyokimbia.

Leo asubuhi nilipeleka ng'ombe joshoni. Tulikuwa wanaume kama kumi tunasubiri zamu ya kuogesha, na Mwita, yule kijana aliyeoa mwaka jana jirani na kanisa, akasema mtoto wake ana homa siku ya pili na anahara. Wamemfunua, wameona ni meno ya plastiki. Akasema akitoka pale anamfuata binti wa yule mama wa ng'ambo, maana mama mwenyewe alishafariki na binti ameirithi kazi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema awahi. Na mimi nilikuwa karibu kuitikia, kwa mazoea tu ya kuitikia.

Nilisema yote. Nilianza vibaya, nilianza kwa kutukana, lakini nikayasema. Homa yako, baiskeli yangu, spoki, gauni, magoti, punje za wali, malaria. Nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu ya kelele za ng'ombe, na nadhani hata walio mbali walisikia. Mzee mmoja wa rika langu akaniuliza, kwa lile neno letu la kuitana wanaume, "Mura, kwa hiyo Ghati hakupigwa na ndama?"

Nikamwambia, "Huyo ndama hajawahi kuzaliwa. Ni mimi."

Wapo waliocheka. Yupo aliyesema ninamwaibisha mama yangu mzazi mbele za watu, na hilo ni kweli, nimemwaibisha, na nilijiweka mimi wa kwanza kwenye hiyo aibu. Mwita hakucheka. Aliniuliza mara mbili kama vile vitu vilikuwa laini. Nikamwambia laini, kama wali. Akaacha ng'ombe wake kwenye foleni bila kumwomba mtu awaangalie, akaondoka kwa kukimbia. Niliwaogesha mimi pamoja na wangu. Nilipopita kwake kurudi nilikuta mlango umefungwa, na mama wa jirani akaniambia wametoka wote watatu kwa bodaboda kuelekea zahanati. Bibi yako alikuwa ameshasikia kabla sijafika nyumbani. Maziwa niliyompelekea ameyarudisha kwa mkono wa mtoto. Tutazoeana tena au hatutazoeana, lakini maziwa nitayapeleka tena kesho.

Sikufanya hivyo nionekane mwema, nimeshachelewa sana kwa hilo. Nilifanya kwa sababu ya lile swali lako nyuma ya zizi. Nisingeweza kukutuma ukaseme mbele ya wageni wa Iringa jambo ambalo mimi sijathubutu kulisema mbele ya watu wa hapa kijijini kwetu, Itiryo.

Basi siku ya kwanza ukifika pale bombani, usigeuke kutafuta ukuta. Toa mswaki wako, toa vibrashi, safisha upande wa kushoto polepole mpaka umalize, hata foleni ikinung'unika. Wakikuuliza meno yako yalienda wapi, waambie, "Nilikuwa mchanga, naumwa malaria, baba yangu akanishika kichwa katikati ya magoti yake, na mtu akayachokoa kwa spoki ya baiskeli." Wakitaka jina la huyo baba, wape. Na usinitetee, Ghati. Usiwaambie kwamba baba yako hakujua. Ndani ya nyumba ile alikuwemo mtu aliyejua, alikuwa ameshakufunga mgongoni, na mimi ndiye niliyemwambia anyamaze.

Baba yako,
Marwa